Kuku wangu wametoka vidonda usoni tangu masika, naombeni ushauri

UmmuVifaranga (Mtopanga):
Assalam alaikum wanajukwaa. Nafuga kuku wa kienyeji huku Kisauni. Tangu mvua ya Mei ikolee, makinda wametoka vinundu kwenye kilemba na kando ya macho, kisha vikakauka vikawa magamba meusi. Mmoja jicho limeziba kabisa, punje namtia mdomoni. Jirani aniambia ni chakula kibovu. Nimebadilisha, hali ni ile ile. Nyuma ya banda pana mtaro wa maji ya kuogea usio na pa kutokea, na magharibi ikiingia mbu hawana hesabu. Yaweza kuwa ndio sababu? Na wanangu wawashika kuku hawa kila siku, jamani.

AgrovetiBombolulu:
Waalaikum salaam dada, pole. Kwa maelezo yako hiyo ni ndui ya kuku, ila mwone daktari wa mifugo athibitishe. Watoto wasikutie wasiwasi, haiambukizi binadamu.

Na mbu wanahusika, naam. Mbu akimuuma kuku mgonjwa, virusi hukaa mdomoni mwake, akienda kwa mwingine humwachia. Ndiyo maana vidonda hutokea pasipo na manyoya. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Mwoshe jicho kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, mtenge, vidonda vipake ayodini. Magamba usiyabandue: damu itatoka, na virusi hukaa ndani ya magamba hayo kwa miezi. Yakidondoka, fagia uchome.

Kijana_wa_Likoni:
Mtaro mwagia oili chafu ya gari, mbu wataisha.

MzeeWaMinazi:
Hapana mwanangu, kuku watakunywa hayo maji. Bi Ummu, mtaro uchimbiwe njia, uishie kwenye shimo la kokoto lenye kifuniko. Mbu wa usiku hupenda maji machafu kama hayo, na kwa joto la Mombasa yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi.

Kisha zunguka uwanja mzima. Vifuu vya madafu, matairi, makopo, hata chombo cha kunyweshea kuku: humo huzaliana wale wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai yao hugandama ukutani mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi. Mvua ikija yanaanguliwa. Sugua kwa brashi, kila wiki. Vifuu choma au vigeuze kifudifudi. Hili watu hulipuuza sana, nami laniuma, kwa sababu mbu hao hao ndio wanaotuletea dengi.

Mfugaji_Mwakirunge:
Niongeze kwa wenye mbuzi na ng'ombe. Homa ya Bonde la Ufa nayo huja na mafuriko. Mayai ya mbu yenye virusi hulala ardhini kwenye mabonde kwa miaka, maji yakituama yanaanguliwa. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 ulianzia Garissa na Kilifi pia haikusalimika. Ukiona mbuzi wengi wanaharibu mimba kwa mpigo, usiguse kwa mikono mitupu, maziwa usinywe bila kuchemsha, na umwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

UmmuVifaranga:
Allah awalipe nyote. Mtaro tumeanza kuuchimba. Wale ambao hawajaugua niwafanyeje? Nipulize dawa ya mbu bandani?

AgrovetiBombolulu:
Usipulize kuku wakiwa ndani. Madirisha yazibe kwa wavu wa matundu madogo, jua lisitue kabla hujafunga.

Wazima wachanjwe sasa hivi, wagonjwa waache. Chanjo hudungwa kwenye ngozi ya bawa kwa sindano yenye ncha mbili. Ibebe kwenye barafu, na ukishaichanganya itumike ndani ya saa mbili. Chupa moja huhudumia kuku wengi, kwa hivyo changeni na majirani. Baada ya wiki hivi lifunue bawa: ukiona kigaga pale ulipodunga, imeshika. Pasipo na kigaga, kuku huyo achanjwe tena.