Naomba ushauri: je, nimrudishe nyumbani muumini asiye na barakoa?

Mhudumu wa Limuru: Wanajamvi, hamjambo. Mimi huwapokea waumini mlangoni mwa kanisa letu. Tangu Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alipotangaza Jumatatu hii, tarehe 20 Juni 2022, kwamba barakoa za kuzuia korona ni lazima tena ndani ya ofisi, maduka makubwa, magari ya abiria na nyumba za ibada, usingizi umenipaa, kwa kuwa baadhi ya wazee wetu hawataki hata kuisikia. Nifanyeje Jumapili?

Mama Pacha: Warudishe. Mwaka 2020, faini ilipokuwa hadi shilingi 20,000, nilipanda matatu ambamo kondakta alimwazima abiria barakoa yake ya kitambaa kila tulipokaribia kizuizi cha polisi. Iliponifikia ilikuwa imelowa mate. Sijaisahau hadi leo.

Mzee wa Kwaya: Nyumba ya Mungu haina bawabu, mwanangu. Mkaribishe kila mtu.

Muuguzi Mstaafu: Madirisha ya kanisa hufunguliwa? Na wewe mwenyewe u mzima?

Mhudumu wa Limuru: Mwezi huu hufungwa kwa sababu ya baridi. Mimi nakohoa tangu jana, na asubuhi sikusikia harufu ya chai. Hata hivyo nimekwisha kununua boksi la barakoa 50, nimemwahidi katibu, na nitavaa mbili kwa pamoja.

Muuguzi Mstaafu: Barakoa hupunguza matone yanayotoka kinywani na puani, haimfanyi mgonjwa kuwa mzima. Kapime leo, ubaki nyumbani, boksi alichukue mwingine amgawie kila asiye nayo, na madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe, hata kama watu watajifunika mablanketi.

Msomaji Makini: Mimi nina shaka. Anayekohoa hivyo angeanza na kikohozi, si na wazee. Kisa hiki kimetungwa ili tugombane.

Mama Pacha: Hata mimi naanza kuona hivyo. Tujibu, ndugu.

Mhudumu wa Limuru: Sikutunga. Naishi na mama yangu, ambaye ana pumu. Nisipokwenda kanisani atajua kwamba naumwa, naye atakuja kuketi kando ya kitanda changu kama alivyozoea. Tangu jana namwambia kwamba nafunga, ili ale peke yake jikoni. Boksi nimeliacha kizingitini kwa katibu, nikabisha hodi na kurudi nyuma. Sasa niko kwenye foleni ya kupimwa.