Umewahi kujishonea nguo kwa kunakili ile unayoipenda? Tupeane uzoefu

SindanoButu (Nyegezi)

Wakuu, mwangaluka. Nina gauni la mtumba nililolitoa soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza mwaka 2019, pamba nyepesi ya bluu, mifuko miwili mirefu ya pembeni, na shingo inayotulia hata nikiinama kufua. Nimelivaa mpaka kwapa zimepauka na mgongoni unaona mwanga. Nimeshalipeleka kwa mafundi wawili: "nishonee kama hili." Wa kwanza alilitupia jicho, akanipima, akanikabidhi gauni alilozoea kushona yeye. Wa pili alisema mifuko ya namna ile inamchelewesha, akanibandikia ya juu kama ya shati la shule. Yote mawili yamelala kabatini.

Nyumbani kuna cherehani ya marehemu mama, Butterfly nyeusi ya miguu. Mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe. Kulifumua sikutaka, maana ni sawa na kumchinja kuku anayetaga, kwa hiyo nikalinakili likiwa zima. Nilitandika godoro sakafuni, juu yake magazeti niliyoyaunga kwa selotepu, kisha gauni nimelikunja katikati kwa urefu. Nikawa napita na pini juu ya mshono, natoboa mpaka kwenye karatasi, kila upana wa kidole tundu moja. Ukiinua nguo unakuta mstari wa vitundu. Unaviunganisha kwa penseli, unaongeza nusu inchi ya mshono kuzunguka na inchi moja na nusu chini kwa ajili ya pindo. Magoti yaliniuma jioni mbili.

Sasa uvivu. Nilitoboa upande wa mbele tu. Nyuma nikasema ni ile ile, nitapandisha shingo basi. Gauni likakaa vizuri kwenye kioo, nikatoka nalo. Ndani ya daladala ya Buhongwa nikanyoosha mkono kushika bomba, mgongo ukasema traa! Nilishuka nimejifunga kanga ya mama mmoja aliyenihurumia, na nauli alinilipia yeye.

Nani amewahi kuweza? Na mnafumua au hamfumui?

NusuKwaNusu (Kirumba)

Pole sana dada, ila nimecheka. Kwapa la mbele huchimbwa zaidi kwa ndani, la nyuma huachwa limejaa ili mgongo upate nafasi mikono ikienda mbele. Wewe ulichimba kote kote.

Mimi hufumua nusu. Nguo nyingi kushoto na kulia ni pacha, basi fumua upande mmoja, mwingine uache mzima uwe mwalimu wako. Kabla ya kugusa uzi piga picha nje na ndani, hasa zipu na kola, kwa sababu ukishatenganisha vipande unasahau kipi kilitangulia. Kila kipande kiandike kwa chaki: mbele, nyuma, juu ni wapi. Pasi igandamize tu, usiisukume, maana kipande kilichokatwa mshazari kinavutika na utanakili kitu kisichokuwepo.

Nilifanya hivyo kwa suruali yangu ya kazini. Ukiilaza suruali nzima juu ya karatasi hutaupata mkunjo wa nyuma pale matakoni, umejificha. Ukifumua ndipo unaona kipande cha nyuma kimepanda juu zaidi na kina tao refu. Hapo nilifaulu. Nilipofeli ni magotini: suruali ile nimeivaa miaka minne, magoti yamevimba, nami nikayanakili na uvimbe wake! Mpya ikatoka dukani kwangu inaonekana imeshapiga magoti kanisani mwaka mzima.

MtuWaZiwa (Ukerewe)

Mimi ni mtu wa nyavu, cherehani sina. Nilinakili kaptula ya kuvulia kwa mkono, kipande cha turubai, uzi wa kushonea nyavu. Mshono haukukatika mpaka leo. Kilichokatika ni kitambaa, kando ya mshono, mstari mzima kama kimepigwa wembe. Mzee mmoja huku kwetu akaniambia uzi usiwe na nguvu kumshinda mwenye nyumba. Kaptula ya pili nilitumia uzi wa kawaida, na uzi ukikatika narudia. Mkitaka kujua kama ilinibana, ndiyo.

FundiMchokozi (Nyamanoro)

Mafundi tunasemwa sana humu, acheni niseme na mimi.

Mteja anakuja na gauni la mtumba la kitambaa kinachovutika, halina zipu, halina kifungo, linavaliwa kwa kichwa. Mkononi ana kitenge. "Kama hili fundi, hivi hivi, usiongeze kitu." Nikimwambia haiwezekani anasema namtafutia bei. Kuna mmoja nilimtii. Alipokuja kujaribu, kichwa kilipita, mabega yakagoma, tukabaki watatu ndani ya kibanda tunamvua kama tunachuna mbuzi. Kabla hujanakili chochote, shika pindo uvute kwa upana. Kikivutika kikarudi, tafuta kitambaa cha jamii hiyo hiyo. Kisipovutika, kitenge ni ruksa, lakini kiloweke kwanza, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Pamba ikifuliwa husinyaa. Ukikata kabla ya kufua, ufuaji wa kwanza utakukumbusha.

Tena angalia maua. Kitenge chenye ndege au mitungi kina juu na chini. Nimeona gauni zuri sana sokoni Makoroboi, mbele ndege wanaruka, nyuma wanaanguka.

Na dada wa bluu, hukujaribia kwenye shuka kuukuu au amerikani. Hilo ndilo kosa lako kubwa kuliko mgongo.

MamaWawili (Igoma)

Nilinakili gauni la mama yangu la kitenge cha Mwatex, la enzi kiwanda kile kinavuma hapa mjini. Yeye alikuwa mwembamba, mimi ndiyo hivyo tena. Nikaongeza inchi mbili kila ubavu. Kifua kikaenea, lakini kwapa zikashuka na kiuno kikawa gunia.

Dada wa jirani akanionyesha: usiongeze ubavuni peke yake. Kata karatasi yenyewe kwa urefu, kuanzia katikati ya bega hadi pindoni, zitenganishe mpaka upate upana unaoutaka, ziba pengo kwa gazeti jingine. Upana unagawanyika mwilini mzima. Bega likizidi unalipunguza kidogo kwa nje. Nilirudia hivyo. Shangazi aliponiona nimelivaa kwenye ubarikio alikaa chini kwanza kabla ya kunisalimia.

La mama sikulifumua. Sikuweza hata kulitoboa kwa pini, nilipima kwa futi kamba mshono baada ya mshono.

Kimya_Kimya

Fulana ya mume wangu. Nilinakili, nikashona, sasa anavaa yangu na ile yake kaitupa. Sina nguo.

SindanoButu (Nyegezi)

Asanteni. Fundi, nimemeza, ingawa mifuko bado nakudai kwa niaba ya mwenzako.

Nimerudi kwenye godoro. Safari hii nyuma nimetoboa yenyewe, na kweli, nilipoweka karatasi mbili pamoja kwapa la nyuma lilizidi la mbele karibu inchi nzima kwa upana. Inchi hiyo ndiyo ilinishusha kwenye daladala. Nimeshona la majaribio kwa shuka la zamani, nikashika fremu ya juu ya mlango kama bomba, nikajivuta mara tatu. Mgongo umenyamaza. Mfuko wa kushoto umekaa, wa kulia nimeupachika ukaangalia nje, nafumua sasa hivi.

NusuKwaNusu (Kirumba)

Weka picha basi.

SindanoButu (Nyegezi)

Umeme umekata, picha itakuwa giza tupu. Cherehani ni ya miguu, mimi naendelea na kibatari.