Tupeane uzoefu: Januari hadi Machi kanisa lenu linaishije?

Shemasi wa Katuba: Bwana asifiwe. Hapa Lubumbashi wote tunajua: Desemba kapu la sadaka linajaa, Januari linarudi jepesi, na ndani yake mna noti ya dola iliyochanika ambayo sokoni hakuna anayeipokea. Mvua hazijaisha, mahindi mapya yanangojewa hadi Aprili, unga umepanda, minervali (karo ya shule) inadaiwa. Mwenye parseli, kiwanja tunachosalia, naye anataka kodi yake. Mimi ndiye mtunza hazina. Tafadhali msinijibu "tuombe" tu, kuomba tunaomba. Nielezeni mlichofanya.

Mama wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi): Shemasi, sisi tuliacha kudai pesa kwa watu wasiokuwa nazo. Jumapili ya mwisho wa mwezi kila mtu analeta alicho nacho: meka (kipimo cha sokoni) ya mahindi, mafungu ya matembele, makala ya kupikia (mkaa), kuku. Baada ya ibada tunafanya mnada. Kuku mmoja ananunuliwa, aliyemnunua anamrudisha kwa Bwana, ananadiwa tena, hadi kuku mwenyewe anachoka! Ila angalieni jambo moja. Mwanzoni tulikuwa tunataja jina la kila aliyeleta, na wasio na kitu wakaanza kubaki nyumbani siku hiyo. Sasa vitu vinawekwa mezani kabla ya ibada, bila majina. Wamerudi.

Mchungaji, Ruashi: Yusufu alimshauri Farao aweke sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Nasi Desemba tunatoa sehemu ya tano ya matoleo yote kabla ya kununua chochote. Wazee wa kanisa walinipinga, walitaka bafle (spika) mpya. Pesa hiyo inalipa kodi hadi Machi, mwenye nyumba anafurahi na hapandishi bei. La pili: mvua ikinyesha juu ya mabati mahubiri hayasikiki, na njia za huku zinakuwa matope. Kwa hiyo katikati ya wiki tunasali nyumbani kwa watu, mtaa kwa mtaa. Mgonjwa anaonekana, aliyepotea anaonekana, na sadaka ndogo inapatikana hukohuko.

Kijana wa korali: Sisi tunakodisha viti vya plastiki na sono (vyombo vya sauti). Arusi nyingi ni za kiangazi, lakini vilio (matanga) havina msimu, mnisamehe kusema hivyo.

Shemasi wa Katuba: Kumlipisha mfiwa? Hapo mimi nasita.

Kijana wa korali: Mshiriki wetu halipi, Baba shemasi. Wa nje analipa, na ni chini ya bei ya mjini.

Ndugu wa Goma: Huku msimu mgumu hauna kalenda. Mwaka 2025 benki zilifungwa, watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa taslimu. Akiba ya kanisa letu ilikuwa benki, hatukuigusa. Kilichotubeba ni AVEC ya akina mama, yaani kikundi chao cha kuweka na kukopa: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa mama watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Walitukopesha, tukarudisha na riba kama mtu yeyote. Msilichukue sanduku la mama zenu mkaliita la kanisa. Ni lao.

Mke wa mchimbaji: Waume zetu wako Kolwezi kwenye migodi ya kobalti, wanatuma zaka kwa simu. Inasaidia, lakini msiitegemee peke yake. Serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje Februari 2025, nyumba nyingi zilikauka, zaka nayo ikakatika.

Shemasi wa Katuba: Asanteni. Wazo la kutenga kodi mapema Desemba nitalipeleka kwa wazee wiki hii. Hiyo namba ya simu ya kupokelea zaka, kwenu imeandikishwa kwa jina la nani? Kwetu watu wananong'ona wakisikia ni ya mchungaji.

Mke wa mchimbaji: Ya mtunza hazina. Simu anakaa nayo yeye, namba ya siri anaijua mama mwingine tu, na Jumapili ujumbe wa salio unasomwa mbele ya wote.