Nalala vizuri na bado naamka nimechoka, hii ni kazi ama ni ugonjwa?

Afisa_Pikipiki (Nakuru)
Wadau habari zenu. Niko kwa hizi kampuni ndogo za mikopo, eneo langu ni Njoro mpaka Mau Narok, kazi ni pikipiki na vikundi vya akina mama. Unafika saa nne, vitabu vimepangwa kwa mkeka, mweka hazina anahesabu noti mara ya tatu, mmoja hajalipa na wenzake hawataki kumlipia, basi mnakaa hapo kimya kila mtu akiangalia simu kama M-Pesa itaingia. Jioni sasa ndio grupu ya WhatsApp ya ofisi inaanza, kila mtu anaandika amekusanya ngapi, wenye wako chini meneja anawaweka kwa rangi nyekundu watu wote waone.

Usingizi napata, nalala fofofo, lakini asubuhi mwili hautaki kutoka kitandani. Jumapili jioni tumbo linaanza kukaza. Wateja wenye nilikuwa nawapenda sasa nikiona jina kwa simu nakasirika kabla hata sijashika, na mtoto akiniuliza kitu ya shule namjibu vibaya. Mzee wangu anasema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Kuacha siwezi, niko na karo na loni yangu mwenyewe (ndio, sisi pia tunakopa). Nifanye nini?

Kijana_Kondele
Bro shukuru uko na kazi, huku Kisumu watu wa digrii wanaendesha boda. Kunywa maji, lala mapema.

Kliniko_Kando_ya_Ziwa
@Kijana_Kondele amesema analala, soma vizuri.

Ndugu, anza na maabara kabla ya kulaumu kazi. Pima kiwango cha damu, sukari, presha, na ukiweza thairoidi (tezi ya shingo). Huku kwetu mtu akichoka anakimbia duka la dawa kununua ya malaria bila hata kupimwa, kumbe damu iko chini ama sukari imepanda. Majibu yakiwa sawa sasa ndio tuangalie kazi. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 liliiweka hii hali ya kuchoshwa kabisa na kazi, kwa Kiingereza burnout, kwa orodha yake ya magonjwa ya kimataifa (ICD-11), lakini si kama ugonjwa, ni kama hali inayoletwa na stresi ya kazi ya muda mrefu, na dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuchukia kazi yenyewe ama kujitenga nayo, na kuona huwezi kuifanya vizuri tena. Mbili za kwanza umezitaja wewe mwenyewe.

Lakini kama hata nje ya kazi hakuna kitu inakufurahisha tena, si mpira, si watoto, ama ukianza kuwaza kujitoa uhai, hapo usingoje livu, ona mtu wa afya siku hiyo hiyo.

MamaWawili_Kakamega
Hakuna mtu ameuliza, wacha niulize mimi, livu ulichukua lini? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukifanya miezi 12 unapata si chini ya siku 21 za kazi na mshahara wako kamili, na kila siku saba moja ni ya kupumzika. Hizo siku mbili mbili za kuenda matanga si likizo.

Omba kwa imeili, usiombe kwa simu, na iwe katikati ya mwezi juu mwisho wa mwezi hakuna meneja atakuachilia. Kabla uende andika kila kikundi kwa karatasi, mwenyekiti ni nani, nani ako na areasi (deni lililochelewa), halafu mwenzako atie sahihi, la sivyo utapigiwa ukiwa shambani. Mimi nilikuwa kazi kama yako, nilienda kwetu Shinyalu nikalala wiki nzima mpaka mamangu akadhani niko na mimba.

Afisa_Pikipiki (Nakuru)
Hehehe asante dadangu. Livu nilikuwa naiweka nikitumaini watanilipa pesa. Kliniko nimekusikia, sukari iko kwa familia yetu, kesho napita maabara kabla ya Njoro. Sasa simu ya ofisi nikiwa livu niizime ama niweke kimya tu?

MamaWawili_Kakamega
Iache ofisini kwa droo. Na chaja yake.