Wazazi wa Makorora: majina saba ya ufadhili

JUMANNE

Mama Shufaa, 06:41
Assalaam alaykum wazazi wenzangu. Kama nilivyoeleza juzi na tena jana, afisa wa shirika linalowatafutia watoto wafadhili atafika Alhamisi saa nne asubuhi, na nafasi za ufadhili zilizotengwa kwa mtaa wetu ni saba. Kila anayetaka mtoto wake afikiriwe aniletee leo, kabla ya adhuhuri, kivuli cha cheti cha kuzaliwa, jina la shule na darasa, pamoja na picha ya mtoto akiwa amesimama peke yake nje ya nyumba. Humu ndani tumo watu 46. Walionijibu mpaka sasa ni wawili, na mmoja wao ameniuliza kama bado nakaanga maandazi.

Mama Shufaa, 09:15
Alama za bluu nazihesabu. Mmesoma.

Baba Salimu, 09:20
Waalaykum salaam. Sisi ambao watoto wetu wameshaoa nasi tungependa kulisikia jibu la maandazi.

Mama Shufaa, 09:22
Sikaangi tena. Naomba vyeti.

Baba Omari, 10:05
Nina swali, na naomba lisichukuliwe kuwa upinzani. Ada ya shule ya msingi ilifutwa zamani, ya sekondari mpaka kidato cha nne ikaondolewa Januari 2016 pamoja na michango ya lazima, na ya kidato cha tano na sita ikafuata katika mwaka wa fedha 2022/23. Ikiwa Serikali imekwisha kuubeba mzigo huo, mfadhili aliyeko Ulaya au Marekani analipia nini hasa, na sisi tunatia saini jambo gani?

Mama Shufaa, 10:09
Analipia kila kitu ambacho si ada, Baba Omari, nawe unakijua kwa kuwa una watoto wanne. Kuna sare, viatu, madaftari, nauli ya daladala kwenda na kurudi, uji wa saa nne, dawa mtoto anapougua, na masomo ya jioni kabla ya mtihani wa darasa la saba. Anayechaguliwa shule ya bweni huletewa fomu ya kujiunga yenye godoro, tranka, shuka, ndoo, jembe, fagio na rimu ya karatasi, na mzazi anayeishi kwa kununua samaki pale Deep Sea na kuwakaanga, kusi ikivuma wiki nzima na ngalawa zisitoke, hana hata ya hiyo rimu. Zaidi ya hapo, mzazi wa mtoto aliyeandikwa anaingizwa kwenye kikundi cha hisa na anaweza kukopeshwa mtaji. Hicho ndicho tunachotilia saini.

Mama Rukia, 11:47
Mimi nimeisoma fomu yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Inasema mtoto asizidi miaka 12. Rukia ana miaka 14, naye ndiye anayehitaji msaada, kwa sababu mdogo wake yuko darasa la pili na madaftari yake hayajanishinda. Isitoshe, mwaka ule wa cherehani pia tuliambiwa kwamba nafasi ni saba, na sote tunajua ya nane ilitoka wapi na ikaingia nyumba gani.

Baba Hamisi, 11:48
Ujumbe huu umefutwa.

Mama Shufaa, 11:51
Mama Rukia, habari ya cherehani nimeijibu mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mbele ya mume wako. Nisingependa kuijibu tena mbele ya watu 46 ambao kazi yao ni kusoma na kunyamaza.

Baba Salimu, 11:58
Kabla hatujarudi kwa mwenyekiti, naomba niwatahadharishe kuhusu upande mwingine wa ufadhili. Mtoto wa dada yangu alipatiwa mfadhili, na katika barua yake ya kwanza akaeleza kwamba mbuzi wao amezaa mapacha. Baada ya miezi kadhaa ikaja kadi yenye maua, ikimpongeza mbuzi kwa jina lake. Hali ya mtoto haikuulizwa.

Mama Zuhura, 12:01
Mbuzi huyo aliitwa nani?

Baba Salimu, 12:03
Mwajuma. Mwenye jina hilo ana mama yake humu kikundini, ndiyo maana nimeificha habari hii miaka yote.

Mama Mwajuma, 12:04
Nimeisoma, shemeji. Futari ya kwangu usiitegemee mwaka huu.

Mama Shufaa, 12:40
Adhuhuri imeshaadhiniwa. Nina vyeti vitatu na hadithi moja ya mbuzi.

Mwalimu, 14:16
Niwieni radhi kwa kuchelewa, nilikuwa msibani Pangani. Naomba nilirudie suala la umri, kwa kuwa Mama Rukia anastahili maelezo, si kufunikwa na kicheko. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Bruce Wydick, mchumi wa Marekani, kuhusu watu wazima waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Huko nako mradi ulipoingia mahali uliandikisha watoto wasiozidi miaka 12, na kwa sababu hiyo watafiti wakaweza kuwalinganisha waliofadhiliwa na kaka na dada zao waliokuwa wameuvuka umri huo. Waliofadhiliwa walikaa shuleni, kwa wastani, zaidi ya mwaka mmoja kuliko wale ambao hawakufadhiliwa. Faida ipo, na mimi siikani. Lakini utazameni utafiti wenyewe ulivyowezekana: katika nyumba moja alikuwamo aliyepata na aliyekosa, na huyo aliyekosa ndiye Rukia wetu.

Mama Rukia, 14:20
Ahsante, Mwalimu.

Baba Omari, 14:33
Basi kwa nini fedha za hao saba zisiwekwe pamoja, uji ukapikwa shuleni ukanywewa na darasa zima, kuliko watoto saba kung'aa viatu na wenzao wanawatazama?

Mwalimu, 14:50
Yapo mashirika yanayofanya hivyo. Mfadhili anaonyeshwa mtoto mmoja na kuandikiana naye barua, lakini fedha yake inachanganywa na ya wengine kuchimba kisima, kujenga choo cha shule au kulisha wanafunzi wote. Yapo mengine ambayo fedha inamfuata mtoto mwenyewe, na familia ikihama, au mfadhili akichoka, mtoto anabaki akisubiri apatikane mwingine. Mama Shufaa, hili letu ni la namna gani?

Mama Shufaa, 15:12
Ni la kumsaidia mtoto, Mwalimu. Mengine ataeleza afisa mwenyewe.

Mwalimu, 15:13
Kwa hiyo hatujui.

Mama Zuhura, 16:25
Mimi ni mnufaika wa TASAF, ule mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, na malipo yangu yanategemea watoto kuhudhuria shule. Nikiandikwa kwa mfadhili, hawataniondoa huko kwa kusema kwamba nimeshapata mtu wa kunitazama?

Mama Shufaa, 16:27
Hawakuondoi. Lete cheti.

Mwalimu, 16:31
Mama Shufaa, jibu hilo si lako, wala si la afisa wa shirika. Mama Zuhura, muulize mtendaji wa mtaa kabla hujaweka saini popote.

Mama Mwajuma, 20:02
Na hiyo picha ya nje ya nyumba ni ya nini? Mara iliyopita wapiga picha waliupita mlango wa mbele uliopakwa rangi, wakamsimamisha mtoto uani penye ukuta uliobomoka. Mwanangu alilia kwa kuwa alikuwa amechanwa nywele kwa ajili ya mlangoni.

Mwalimu, 20:19
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mzazi ana haki ya kuuliza picha inakwenda wapi na itatunzwa kwa muda gani, na ana haki ya kukataa. Kukataa picha kusiwe sababu ya kumkatia mtoto jina.

Mama Shufaa, 20:24
Mwalimu, tukianza kumsomea mgeni sheria kabla hajakaa kitini, hizo nafasi saba zitakwenda mtaa wa pili, ambako hakuna anayejua sheria hata moja.

JUMATANO

Yusufu, mjukuu wa Bibi, 07:10
Shikamooni nyote. Naandika kwa niaba ya Bibi. Nilimsomea jumbe zote jana baada ya isha, pamoja na habari za mbuzi, naye ameniagiza niyaandike maneno yake kama alivyoyatamka. "Mtoto wa hapa hapigwi picha penye ukuta uliobomoka ili mtu wa mbali amwonee huruma. Apigwe amevaa nguo yake ya Idi au sare yake ya shule, na mamaye asimame karibu naye. Majina yasipangwe kwenye simu. Yasomwe barazani kwangu leo baada ya alasiri, mwenye mtoto awepo na asiye na mtoto awepo. Na habari ya cherehani ilikwisha hapa hapa barazani. Mama Shufaa anajua alichoahidi, na Mama Rukia anajua alichosamehe." Amemaliza. Anasema pia kwamba hajambo.

Baba Omari, 07:12
Tumesikia, Bibi. Shikamoo.

Mama Mwajuma, 07:12
Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Mama Zuhura, 07:15
Tumesikia.

Mama Shufaa, 09:31
Shikamoo Bibi. Nimelipokea neno lako, na sina la kuongeza juu yake. Ila naomba wazazi mfahamu kwamba majina matano nilikwisha kumtumia afisa jana usiku, kwa kuwa aliyahitaji ili apange namna ya kupita nyumba kwa nyumba.

Mama Rukia, 09:32
Matano yapi?

Mama Shufaa, 09:40
Yatasomwa barazani, kama alivyoagiza Bibi.

Mama Rukia, 09:41
Nitakuja. Nitakuja na Rukia, na ile karatasi nitakuja nayo.

Baba Salimu, 09:55
Ninaomba ufafanuzi kama baada ya alasiri ni saa kumi na robo ya saa ya ukutani au ya Makorora, ili nisije nikafika peke yangu nikalazimika kufadhiliwa mimi.

Mama Shufaa, 17:48
Kwa faida ya ambao hawakufika, ambao ndio wengi: tulikuwa watu 11. Majina matatu yamekubaliwa na wote, mawili yana pingamizi, na nafasi mbili hazijajazwa. Mwalimu ameandika maswali ya kumkabidhi afisa, likiwemo la kama fedha ni za mtoto mmoja mmoja au za mradi, na la hatima ya mtoto ikiwa mfadhili ataacha kuchanga. Picha zitapigwa mlangoni, na mzazi atakuwapo. Kuhusu watoto waliozidi miaka 12, Baba Omari amependekeza kila nyumba itoe shilingi 2,000 kwa mwezi tuwasaidie wenyewe.

Baba Salimu, 17:53
Naongeza kwenye kumbukumbu za kikao kwamba pendekezo hilo la mwisho lilipokewa kwa ukimya mkubwa kuliko wa humu.

Baba Omari, 18:30
Bado nasubiri wa kuniunga mkono. Mwalimu peke yake hatoshi.

Baba Hamisi, 21:40
Wenzangu, nimetoka kazini sasa hivi. Huyo afisa anafika lini? Mwanangu ana miaka saba na cheti cha kuzaliwa hana, ana kadi ya kliniki tu.

Mama Shufaa, 21:42
Ni kesho saa nne, Baba Hamisi. Njoo na hiyo kadi, nitamwomba akupe muda ukashughulikie cheti RITA.

Mama Rukia, 21:44
Anayekuja na kadi ya kliniki anaingia nafasi ya sita au ya saba? Nauliza kwa sababu mimi sikusema popote kwamba nimejitoa, na Bibi naye hakusema.

Mama Shufaa, 22:03
Njooni wote wawili saa tatu na nusu, kabla hajafika. Mama Rukia, karatasi iache nyumbani.

Mama Rukia, 22:04
Karatasi itakuja.