Kidonge cha mifupa cha kila wiki kinamletea mama kiungulia, aache?

Nyota_Njema: Habari wakuu. Mama ana miaka 66. Kipimo cha DXA (eksirei ya kupima uimara wa mifupa) kimetoa alama ya T, yaani mifupa yake ikilinganishwa na ya kijana mwenye afya, ya -2.7 kwenye nyonga. Kaandikiwa alendroneti miligramu 70 mara moja kwa wiki, na vidonge vya kalsiamu. Anameza vyote asubuhi kwa chai, kisha anajilaza tena. Sasa kifua kinamuungua. Naombeni ushauri.

Zamu_ya_Usiku: Pole kwa mama. Asimeze kingine mpaka daktari amwone, hasa kama kumeza kunauma. Kidonge hiki kikikwama kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) kinauchubua, ndiyo maana hakimezwi kitandani.

Akiruhusiwa kuendelea: achague siku moja ya wiki. Akiamka tu, tumbo tupu, akimeze kizima kwa glasi nzima ya maji matupu. Kisha akae wima au atembee dakika 30 bila kula wala kunywa kingine, na asijilaze mpaka awe ameshakula. Dawa hii hata ikimezwa vizuri, mwili hufyonza chini ya asilimia 1. Ikikutana na chai au kalsiamu, hata hicho kidogo kinapotea. Akisahau, ameze kesho yake asubuhi. Asimeze viwili siku moja.

Umio ukigoma kabisa, zipo sindano. Kuna ya mshipa mara moja kwa mwaka.

Nyota_Njema: Asante sana mkuu. Na kalsiamu je?

Mama_Dozi: Ihamishieni mchana au jioni. Kwa umri wake lengo ni miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikiwemo, kwa hiyo vidonge vinafidia pengo tu. Someni kopo vizuri: kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 ina kalsiamu yenyewe 500, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Isizidi 500 kwa mara moja, na kaboneti imezwe na chakula. Kama anatumia dawa ya tezi ya shingo, zipishane saa 4.

Fundi_Viungo: Alama ya T ya -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika na huvunjika kirahisi, ila nyonga mara nyingi huvunjwa na kuanguka. Toeni mikeka inayoteleza, wekeni taa njia ya chooni. Mazoezi: kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 8 hadi 10, akiwa na mtu karibu. Kuinama mbele huku amebeba mzigo, hapana, pingili za mgongo zinaweza kubonyea. Mgongo ukimuuma ghafla au akionekana kapungua kimo, ombeni eksirei.