Tupeane uzoefu: daftari la nyumbani la dalili na dawa za akili

Ndugu zangu wa Kampala, Arua, Busia na kwingineko, kliniki tunakwenda na daftari la shule analoandikia daktari. Uzi huu ni wa daftari la pili, lile la nyumbani. Mnaandika nini, na huharibikia wapi? Visa vya maisha tuviweke kando, leteni mbinu.

Nesi wa Arua
Safu tano zinatosha: usingizi, hali ya moyo, dawa, madhara, tukio la siku. Mwenye safu kumi na tano atachoka. Jaza kila jioni. Daftari linalojazwa kwa mkupuo usiku wa kuamkia kliniki ni utunzi mtupu. Hali ya moyo ipewe namba, -3 hadi +3, na maana ziandikwe ukurasa wa kwanza: -3 hagusi chakula wala maji ya kuoga, 0 kazi zinakwenda, +3 anaongea bila kituo na pesa zinamtoka ovyo. Kipimo cha 1 hadi 10 hakimfai mwenye baipola (ugonjwa wa hali ya moyo kupanda mno na kushuka mno), maana 9 yaweza kuwa furaha tu au ugonjwa unapanda. Huyo akilala saa chache usiku mbili mfululizo na hasikii uchovu, msingoje tarehe ya kliniki.

Mfamasia
Nesi, safu ya dawa ndiyo hudanganya zaidi. Andika kilichomezwa, si kilichoagizwa, tena kwa miligramu. "Haloperidol viwili" (dawa ya kutuliza ugonjwa mkali wa akili) haisemi kitu: kuna vidonge vya 1.5 na vya 5. Dawa ikikosekana kituoni mkanunua dukani, someni paketi upya.

Kwa lithium, dawa ya baipola, andika na saa. Dozi ya saa 3 usiku, damu ya kupima kiwango chake itolewe saa 3 asubuhi, yaani baada ya saa 12, na dozi ya asubuhi ingoje. Ikitolewa mapema, kiwango huonekana kikubwa na dozi hupunguzwa bure. Kuhara, kutapika kwa malaria, ibuprofen au diclofenac ya mgongo, vyote viingie safu ya tukio, kwa sababu hupandisha lithium mwilini. Mikono ikitetemeka kwa nguvu au mtu akiyumba, ni kituoni siku hiyohiyo.

Mlezi, Busia
Madhara yaandikwe kama yanavyoonekana, bila hukumu. Ukiandika "amechafuka", yaani ugonjwa umepanda, daktari anaweza kuongeza dozi. Kumbe mtu hawezi kutulia, anahamisha uzito mguu hadi mguu siku chache baada ya haloperidol kupanda. Huenda dawa yenyewe ndiyo inamsumbua, na kuiongeza ni kumwagia petroli. Andika hivi: "Hakai dakika tano. Dozi ilipanda Jumatatu."

Nesi wa Arua
Kweli kabisa, Mama. Kwa wenye sonona, PHQ-9 (dodoso la maswali tisa ya kupima sonona) ijazwe kila wiki mbili, si kila siku, kwani inauliza siku 14 zilizopita. Jumla ni 0 hadi 27, ila swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, lisizame kwenye jumla. Likipata hata 1, mhudumu aambiwe siku hiyo.